Saa za Ukaguzi wa Vivuli

Asubuhi ya siku ya nne ya mgomo, mkaguzi wa mlangoni wa duka kubwa aliamka saa kumi na mbili kama desturi yake, akanyoa ndevu, akavipiga kiwi viatu vyake vya kazi, akavifunga kamba, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kwenda. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amesimama penye mlango wa kutokea wa duka hilo, akipokea risiti, akifungua mfuko, akilinganisha kilichoandikwa na kilichobebwa, ndipo akagonga muhuri na kusema, "Pita." Hakuwahi kumshuku mtu kwa sura yake wala kwa mavazi yake. Aliwashuku watu wote kwa kipimo kimoja, na jambo hilo yeye aliliita haki.

Mgomo ulikuwa umeanza na mabasi. Madereva na makondakta waliyaegesha magari yao, wakadai wapunguziwe saa za kazi, kwa maana walikuwa wakiendesha tangu jogoo la kwanza hadi macho yaanze kuona barabara mbili pale penye moja. Siku ya pili wafanyakazi wa maduka makubwa walikwenda kazini kwa miguu, wakachelewa, wakakatwa mshahara wa nusu siku. Siku ya tatu nao wakagoma. Malori ya vyakula yalifika viungani mwa mji, yakaona hakuna wa kuyapakua, yakageuza. Viduka vya mitaani viliishiwa unga kabla ya adhuhuri na sukari kabla ya jioni, na kufikia siku ile ya nne vilikuwa vikiuza viberiti na pole.

Mkaguzi aliishi ghorofa ya pili ya jengo la kupanga lenye ua mmoja na lango moja. Aliishi na mkewe, na binti yao, na mtoto wa binti yao aliyekuwa na umri wa wiki tatu. Binti alishikwa na homa baada ya kujifungua, na homa ilipoondoka iliondoka na maziwa yake. Mtoto aliishi kwa maziwa ya kopo, na kopo la mwisho lilikuwa limefunguliwa jana yake.

Mkewe alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali kuu, ng'ambo ya pili ya mji. Hospitali haikugoma, ilibandika tangazo kwamba mtumishi atakayekosa siku tatu asirudi tena. Basi mama huyo aliondoka saa kumi alfajiri, akatembea saa tatu, akafua hadi saa nane mchana, akatembea tena saa tatu, akaingia langoni saa kumi na moja jioni na viatu mkononi.

Siku hiyo ya nne Mwenyekiti wa wakaazi aliitisha mkutano uani. Alikuwa mtu wa sauti laini, aliyestaafu mapema na kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kuwa mwenyekiti. Alipendekeza kila nyumba ilete nusu ya chakula chake, kiwekwe katika chumba kilicho chini ya ngazi, kigawiwe wahitaji mpaka mgomo uishe. Penye wengi hapaharibiki neno, alisema, na watu wakapiga makofi. Jioni walishuka na vikapu, na kila mmoja alitazama kikapu cha mwenzake kabla ya kukitua chake.

"Hiyo ndiyo nusu yako, shoga?" fundi cherehani wa ghorofa ya tatu alimuuliza jirani. "Au ni nusu ya nusu, na nusu yenyewe umeiacha inalala?"

"Wewe hapo na kijiko chako cha chumvi," alijibiwa, "ulikipandisha mizani au ulikipuliza tu?"

Kisha wote wawili walimgeukia dereva wa basi, aliyepanga chumba cha karibu na lango, wakamwambia yeye ndiye aliyewatia njaa.

"Mimi nimeegesha basi," dereva akasema. "Mchele sikuuegesha mimi."

Mkaguzi aliigawa hata chumvi yake kwa kijiko, akaileta nusu iliyo kamili. Alipanda ngazi akiwa na hakika kwamba katika jengo zima ni yeye pekee aliyefanya hivyo. Hakukosea sana.

Siku ya tano, yapata saa kumi alasiri, fundi cherehani aliuvuka ua kwenda bombani, mikono mitupu, chanuo kichwani. Kivuli chake, kilichomfuata juu ya sakafu ya saruji, kilikuwa kimebeba mfuko kwapani. Watoto waliokuwa wakiruka kamba walisimama.

"Shangazi, kivuli chako kimebeba mzigo."

Fundi alikitazama kivuli, akakunja uso. "Kina mazoea mabaya," akasema, akaendelea kwenda.

Mkaguzi alikuwa kibarazani juu, naye aliuona mfuko ule. Ulikuwa wa sukari, kilo mbili. Mtu mwingine angeona kivimbe tu, kwa kuwa kivuli hakina rangi wala maandishi. Lakini mfuko wa sukari hukunjwa pembe kwa ndani, na wa unga hukunjwa kwa nje, na macho yake yalikuwa yameziona pembe hizo kwa miaka ishirini na miwili. Alishuka, akamwambia fundi kwa adabu. Mfuko ulipatikana ndani ya sanduku la cherehani, umefunikwa vitambaa, ukapelekwa chini ya ngazi.

Hadi kesho yake asubuhi jambo lilikuwa limekwisha kueleweka. Kila mtu, kivuli chake kilibeba kile ambacho mwenyewe alikificha. Aliyeficha maharage, kivuli kilikwenda na maharage; aliyeficha mafuta, kivuli kiliinamia upande mmoja kwa uzito wa dumu. Asiyeficha kitu, kivuli chake kilining'iniza mikono kama kawaida. Wakaazi walilipokea jambo hilo kama walivyokuwa wamepokea mgao wa maji: walilalamika kidogo, kisha wakaanza kupanga mambo yao kulizunguka.

Mwenyekiti alipanda hadi mlangoni kwa Mkaguzi, akabisha.

"Mzee, kazi yako imekufuata nyumbani. Simama langoni utukagulie vivuli. Hakuna mwingine anayeweza kutofautisha dengu na mchele kwa kivuli."

"Nitakagua wote sawasawa," Mkaguzi akasema. "Hata wewe."

"Hata mimi. Ningeudhika usiponikagua."

"Na kutakuwa na saa maalumu. Saa sita mchana kivuli hujikusanya chini ya nyayo, hata mimi siwezi kujua kopo ni lipi na kitunguu ni kipi. Risiti isiyosomeka sijapata kuigonga muhuri, wala sijapata kumkamata mtu kwayo."

Mwenyekiti alisema huo ndio uadilifu. Mkaguzi aliketi mezani, akaandika kwa herufi za kulala alizofundishwa shuleni na walimu wasiosamehe doa la wino: *Ukaguzi wa vivuli ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Nje ya saa hizi hakuna atakayekaguliwa.* Akalibandika tangazo langoni. Mwenyekiti alilisoma mara mbili, akausifu mwandiko.

Kazi ilianza. Jioni, Mkaguzi alisimama langoni akiukabili mtaa, jua likimpiga usoni, na kila aliyerudi kivuli chake kilitangulia kuingia. Alimkamata msaidizi wa tanuri la mikate na vitunguu vinne. Alimkamata mlinzi wa benki na nusu chupa ya mafuta, na mfagiaji wa barabara na pakiti ya chumvi ambayo hata mwenyewe alikuwa ameisahau. Wote walikuwa watu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni, kwa miguu, vumbi hadi magotini. Vitu vyao vilipelekwa katika ghala la chini ya ngazi, na Mwenyekiti alikaa na ufunguo.

Siku ya saba, dereva wa basi, ambaye siku hizo alishinda mlangoni kwake akitafuna njiti, alimwambia, "Mzee, tangu lini watu wa jengo hili wakapenda jua?"

"Jua gani?"

"La utosi. Njoo saa sita uone. Lango halipitiki. Wake kwa waume wananyoosha miguu, na heshima imewashika: 'Tangulia wewe.' 'Aa, tangulia wewe.' Kama harusi."

"Saa sita si saa yangu," Mkaguzi akajibu.

"Najua. Wanajua pia."

Mkaguzi alilitia neno hilo moyoni. Alishuku, na alishuku sana, lakini alikuwa mtu wa utaratibu. Shaka yake nayo aliiweka hadi saa kumi, na saa kumi ilipofika hakuja mtu wa kushukiwa ila wale wale wenye vumbi.

Siku ya nane, saa kumi na moja jioni, kivuli kirefu kiliingia langoni kikiwa na kopo kwapani. Lilikuwa la duara, kifuniko kimepita ukingo kidogo, na ubavuni lilikuwa limebonyea. Mkaguzi alilitambua kabla hajamtambua mwenye kivuli: maziwa ya watoto wachanga, gramu mia nne. Ndipo alipoinua macho, akamwona mkewe, viatu mkononi, mtandio umefungwa kifuani kwa fundo gumu.

"Kopo," akasema.

"Nimepewa na muuguzi wa wodi ya wazazi. Sikuiba."

"Sikuuliza limetoka wapi."

"Ni la mjukuu wako, mzee wangu."

"Ghala litampa mjukuu wangu. Ndiyo sababu ya kuwa na ghala."

"Ghala la nani?" mkewe akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia.

Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni. Msaidizi wa tanuri alikohoa. "Leo ndiyo leo," akasema mlinzi wa benki. "Tuone kama mizani ya Mzee haina upande."

Mkaguzi alinyoosha mkono. Mkewe alilifungua lile fundo, jambo lililochukua muda, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa sabuni. Alimpa kopo, akapita. Mlinzi wa benki hakufurahi kama alivyotarajia.

Usiku huo mkewe alilala chumba cha binti. Hakugomba. Alimwambia neno moja tu, akiwa mlangoni na mto chini ya mkono: "Umenipekua vizuri."

Binti alishuka kesho yake kuomba lile kopo. Mwenyekiti alimpokea kwa upole, akampa kiti. Alimweleza kwamba maziwa ya kopo yameingizwa katika fungu la dharura, na fungu la dharura hufunguliwa na wajumbe watano wa kamati, na mjumbe mmoja amekwama ng'ambo ya mji kwa kukosa basi. Binti alitazama rafu zilizokuwa nyuma ya bega lake. Rafu zilikuwa na chumvi, vitunguu vinne, na nafasi kubwa.

Katika kopo la zamani vilibaki vijiko kumi. Binti alivikoroga kwa maji mengi, kisha kwa maji mengi zaidi, hata chupa ikawa na rangi ya maji yaliyosuuziwa kikombe. Mtoto alilia siku nzima ya tisa, na majirani waligonga ukuta. Asubuhi ya siku ya kumi aliacha kulia, na majirani wale wale walikaa kimya wakisikiliza, wakitamani alie.

Saa sita kasorobo ya siku hiyo Mkaguzi alivaa viatu vyake, akatia miwani, akashuka langoni nje ya saa zake. Mambo yalikuwa kama dereva alivyosema. Watu walikuwa wengi na wenye adabu. Walipomwona walipungukiwa adabu, wakakumbuka vyungu vilivyo motoni, wakatawanyika. Mwenyekiti peke yake aliendelea kuja, akitembea taratibu katikati ya ua, jua likiwa juu ya upara wake sawasawa.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mkaguzi alipiga magoti kwenye saruji iliyokuwa ikiunguza, akaviweka viganja chini, akasogeza miwani karibu na viatu vya Mwenyekiti. Kivuli kilikuwa kimejikunja pale kama mkeka, cheusi tititi, kimeshindiliwa. Ilimchukua muda. Kwanza aliyaona magunia, akayatambua kuwa ni ya mchele kwa jinsi yanavyokalia matako, yalikuwa matatu. Kisha madumu ya mafuta, mawili. Kisha sukari ya fundi cherehani, pembe zake kwa ndani. Na juu ya vyote, limebanwa kama soksi katika sanduku la msafiri, kopo la duara lililobonyea ubavuni.

"Mzee, umeangusha kitu?" Mwenyekiti akauliza.

"Nasoma."

"Saa zako za kusoma zimeandikwa pale. Kwa mwandiko mzuri sana."

"Niliziandika mimi. Naweza kuzifuta."

"Unaweza. Kubadili saa kunahitaji wajumbe watano." Mwenyekiti aliinama, akamshika kiwiko, akamsaidia kusimama kama mtu anavyomsaidia mkwewe mzee. "Mjukuu hajambo?"

Mkaguzi alijipangusa magoti. Alikuwa akifikiri kwa mpangilio, kama alivyozoea. Akipaza sauti, watu watatoka. Wakitoka, Mwenyekiti atapekuliwa. Akipekuliwa, kopo litakuwa ushahidi, na ushahidi husubiri kikao, na kikao kinamsubiri mtu aliyeko ng'ambo ya mji, naye anasubiri basi. Mtoto wa binti yake alikuwa na kijiko kimoja.

Mwenyekiti alipanda kwake, akashuka na kitu kilichofungwa kwa gazeti. "Fungu la dharura," akasema. "Saa zibaki zilivyo. Basi, hayo tu."

Mkaguzi alilipokea. Alipanda ngazi, akamkabidhi binti, akajisingizia kuwa na kiu ili asikae kumtazama akilifungua gazeti. Binti hakuuliza. Baada ya muda chumba kilijaa sauti ya mtoto anayenyonya kwa pupa, na baadaye kidogo alilia kilio cha kawaida cha mtoto aliyepata nguvu za kulalamika.

Saa kumi Mkaguzi alikuwa langoni. Wa kwanza kurudi alikuwa mlinzi wa benki, na kivuli chake hakikuwa na kitu. "Pita," Mkaguzi akasema. Mlinzi hakupita. Alikuwa akitazama nyuma ya Mkaguzi, uani, na waliofuata nao wakatazama huko huko. Mkaguzi aligeuka. Kivuli chake, ambacho tangu siku ya tano kilikuwa kimelala juu ya saruji kimenyooka kama rula, kilikuwa kimepinda mgongo. Kilibeba magunia matatu, na dumu kila mkono, na mfuko wa sukari umening'inia shingoni. Kopo halikuwamo, kwa sababu kopo halikuwa limefichwa tena.

Wakati ule ule Mwenyekiti alirudi kutoka matembezini, kwa mara ya kwanza jioni tangu ukaguzi uanze. Kivuli chake kilitangulia langoni, chepesi, mikono ikipunga. Siri ikishapata mchukuzi, mwenyewe hutembea bila mzigo.

"Pita," Mkaguzi akasema.

Watu walikuwa wamekwisha kujifunza kusoma, kwa kuwa yeye mwenyewe aliwafundisha kila jioni. Fundi cherehani aliitambua sukari yake. Alisema, "Shikamoo, Mzee," akapita. Dereva wa basi alitoa njiti mdomoni, akasema, "Pole na kazi." Wajumbe wanne walikwenda kuipekua nyumba ya Mkaguzi kesho yake, kwa kufuata utaratibu, wakakuta nusu ya chumvi.

Mkewe alifika saa kumi na moja. Kivuli chake hakikuwa na kitu. Alisimama, akakitazama cha mumewe, kilichokuwa kimezipanda ngazi hadi ya tatu.

"Mtoto amekunywa?"

"Amekunywa."

"Magunia mangapi hayo?"

"Matatu."

Aliitikia kwa kichwa. Alipokwenda ndani alizunguka pembeni, ili asikikanyage, kama mtu anavyompisha mchukuzi njiani. Siku hiyo alirudi kulala chumbani kwao, upande wake, akiwa ameelekea ukutani.

Mgomo uliisha siku ya kumi na sita. Madereva walipunguziwa saa moja, na nauli ilipandishwa ili kuifidia saa hiyo, kwa hiyo mke wa Mkaguzi aliendelea kwenda hospitalini kwa miguu. Maduka makubwa yalifunguliwa, rafu zikajazwa, na watu walinunua viberiti kwa wingi bila kujua kwa nini. Mkaguzi alirudi mlangoni pake. Jioni ya kwanza alipokuwa akitoka kwa mlango wa wafanyakazi, meneja alisimama dirishani, akaona magunia matatu na madumu mawili yakiondoka dukani juu ya lami. Akaagiza mzee apekuliwe. Walimpekua, wakamkuta na leso na miwani. Tangu hapo hupekuliwa kila jioni. Yeye huinua mikono kabla hawajamwambia, kwa kuwa anajua kazi inavyofanywa.

Mwisho wa mwezi uliwadia uchaguzi wa kamati ya wakaazi. Vivuli vilikuwa bado vikibeba, kila kimoja na chake, na hakuna aliyevitaja. Mkutano ulifanyika uani, saa sita mchana, kwa kuinua mikono. Mwenyekiti alirudishwa. Mkaguzi, ambaye siku hiyo ilikuwa ya mapumziko yake, aliinua mkono wake pamoja na wengine. Ulichelewa kidogo, na dereva wa basi, ambaye naye hakuwa na zamu na alikuwa karibu naye, alimshika kiwiko akidhani amechoka. Waliokuwa kazini hawakuhesabiwa.

Mkewe alifika saa kumi na moja jioni, viti vimekwisha kuondolewa, mumewe amesimama langoni.

"Nani ameshinda?" akauliza.

Mkaguzi alijisogeza kando ili kivuli chake kisimzuie njia. Alikitazama cha mkewe kwa makini, kuanzia kichwani hadi miguuni, kama alivyomtazama kila mtu.

"Pita, mke wangu," akasema. "Huna kitu."